Ukuta Ulioishia Kiunoni

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza. Nilipewa nyundo. Nilikuwa nimetoka chuoni na diploma ya usanifu wa majengo, nimevaa viatu vyeupe alivyoninunulia mama, na kiwanda chote cha matofali kilikuwa cheusi: ua mweusi, vumbi jeusi, malundo ya changarawe nyeusi yaliyoletwa na malori kwa barabara ya Sake. Direkta wa Ufundi, muzee mfupi ambaye hakuwa anajibu kitu kabla ya kufuta miwani yake, alinielekeza kwenye matofali yaliyokataliwa.

"Vunja moja," akasema. "Angalia ndani. Kisha vunja ingine."

"Muzee, mimi nimesomea kuchora nyumba."

Akafuta miwani. "Hapa hatuchoraka nyumba. Hapa tunachoraka tofari. Nyumba inakuja nyuma yake."

Basi nikavunja. Ndani ya tofali la kwetu kuna pozolani, ile changarawe nyepesi ambayo mlima huitapika, iliyojaa matundu kama mkate uliochachuka vizuri. Unaichanganya na simenti, unaibinya kwenye mashine inayotetemeka, kisha unalifunika tofali kwa magunia mabichi na kulinywesha maji mpaka likomae. Likikauka haraka, linakatika kama biskuti. Ninyi vijana mnaochora kwa kompyuta mtanisamehe, lakini bado naamini kwamba msanifu ambaye hajawahi kuvunja tofali hajui anachokichora.

Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka michache, kiwanda kilipotiliana saini ya mkataba na chuo kikuu. Wakuu walitaka kufungua Seli ya Utafiti, idara ndogo ya kuchunguza nyumba gani inafaa mji wetu wa Goma, ambako ukichimba msingi unakutana na mwamba wa lava, ambako mvua haina huruma na ardhi hutikisika bila kupiga hodi. Mimi nilichaguliwa upande wa kiwanda. Upande wa chuo alikuja Bahati.

Bahati alikuwa mtoto wa wafugaji wa Masisi, mrefu, mpole, mutu wa kucheka kabla ya kusema. Alikuwa anaandaa udaktari wake. Kiwanda kilimlipa nusu na chuo nusu, na mkataba wake ulimruhusu kuandika alichokigundua. Mkataba wangu ulisema kwamba kila mstari nitakaouchora ni mali ya kiwanda. Niliusaini nikitabasamu. Nani anasoma mkataba siku anayopandishwa cheo?

Tuliwekwa katika chumba kimoja, meza mbili zikitazamana. Mwanzoni nilimpenda kama kaka. Kisha nikaanza kusikia tofauti ya maswali. Wakubwa walipoingia walimgeukia Bahati wakamuuliza "kwa nini?" Walinigeukia mimi wakaniuliza "lini?" Yeye alipewa muda wa kufikiri, mimi nikapewa tarehe ya kumaliza. Akisimama dirishani akitazama nje, watu walisema anafanya utafiti. Nikisimama dirishani mimi, Direkta wa Biashara alikohoa. Ndipo kitu kidogo kikaanza kuniwasha chini ya mbavu, na hakijaacha mpaka leo.

Wazo la nyumba tuliyoitafuta lilizaliwa kwa mama yangu, katika mtaa wa Mapendo. Mama alikuwa na nyumba ya mbao, kama nusu ya mji, na siku moja mvua ilitukuta pale mimi na Bahati tukitoka kupima viwanja. Mama alitupa chai. Bahati, ambaye hawezi kukaa bila kugusa kuta, akabonyeza mbao za chini. Kidole kikazama.

"Mama, huku chini kumeoza," akasema. "Lakini juu kuko muzima kabisa."

"Chini kunakunywa maji ya lava," mama akamjibu. "Juu kunakula upepo. Juu hakuna shida hata kidogo."

Nilichukua penseli na kipande cha karatasi ya mfuko wa simenti. Nikachora ukuta wa matofali ya pozolani unaotoka kwenye mwamba na kuishia kiunoni mwa mutu mzima. Juu yake nikachora shenaji, yaani ukanda wa zege wenye vyuma ndani, unaozunguka nyumba yote kama mshipi. Na juu ya ukanda, mbao mpaka kwenye manjanja, hayo mabati yetu. Chini zito lisiloogopa maji, juu jepesi lisiloogopa mtikisiko. Bahati aliiangalia karatasi hiyo mpaka chai yake ikapoa.

"Masika, hii umeitoa wapi?"

"Umesikia mama."

"Basi niache miye niipime."

Akaipima. Hilo siwezi kumnyima. Penseli ilikuwa yangu, hesabu zikawa zake, na bila hesabu ile karatasi ingeishia kuwashia moto. Katika ua wa kiwanda tulijenga jukwaa la mbao, tukalifunga injini kuukuu ya lori ili litikisike, na juu yake tukajenga kuta mbili ndogo. Ule wa matofali matupu ulipasuka pembeni, kisha ukalala. Ule wa nusu kwa nusu ulilia na kuyumba kama mama anayecheza harusini, injini ilipozimwa ukabaki umesimama. Bahati alinikumbatia mbele ya wafanyakazi wote. Siku ile sikuwa na wivu. Naikumbuka kwa sababu hiyo.

Kilichofuata ni mkutano. Direkta wa Biashara alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo, wa nyumbani kwetu kwa asili, mutu wa marashi na suruali iliyopigwa pasi ikakata. Alisikiliza vizuri, hakukatiza. Kisha akauliza swali moja.

"Hii nyumba inakula matofari ngapi?"

"Nusu ya ile ingine," nikasema kwa majivuno.

"Nusu." Akageukia wenzake, kisha mimi. "Mama Masika, batu banakuja hapa kununua tofari. Weye unataka tubaambie banunue nusu, na nusu ingine baende kwa muuza mbao?"

"Direkta, ardhi inatikisika," Bahati akasema.

"Na mishahara nayo inatikisika, mwanangu. Kuko familia ngapi zinakula kwa hii kiwanda? Hiyo nayo ni utafiti."

Vijana, msimcheke. Alikuwa na haki yake. Kiwanda kisichouza hufungwa, na kikifungwa hakuna Seli wala jukwaa la kutikisa. Na chuo nacho hakikuwa malaika. Profesa aliyemsimamia Bahati alitaka tusubiri misimu mingine ya mvua kabla ya kusema lolote, ili kazi iwe safi machoni pa wenzake wa mbali, wakati watu wa mtaa wa Majengo walihitaji paa kabla ya mvua iliyokuwa njiani. Mmoja alitaka kuuza kabla ya kujua, mwingine alitaka kujua bila kujenga. Mimi nilitaka nyumba isimame na mutu aingie ndani yake. Katika katalogi ya kiwanda ikaingia nyumba ya matofali mpaka juu. Nilipigania ukanda wa zege uwemo, wakauweka kama nyongeza kwa anayetaka. Wengi hawakutaka.

Bahati hakungoja; alimshawishi profesa wake. Makala yake ilitoka katika jarida la wataalamu, ikiwa na mchoro wa ukuta ulioishia kiunoni, jina lake na la profesa wake. Mwishoni, kwa herufi ndogo, waliwashukuru "wafanyakazi wa kiwanda".

Nilimwekea jarida mezani. "Bahati, miye ni wafanyakazi wa kiwanda?"

Hakucheka kabla ya kusema, safari hii. "Niliandika jina lako, Masika. Niliandika la kwanza. Nikamuonyesha Direkta wa Ufundi. Akasema jina lako likitoka, wa Biashara atakufukuza palepale. Mkataba wako. Ningefanya nini?"

"Ungeniuliza."

"Ungesema nini?"

Nilikuwa na watoto wadogo na mume ambaye alikuwa anatafuta kazi. Ningesema lifute. Sote wawili tulilijua hilo, na ndilo lililoniumiza. Ningependa awe ameniibia. Mutu akikuibia, una pa kushika. Wivu usio na mwizi hauna pa kushika, unabaki kuzunguka ndani ya mutu kama nyuki chumbani.

Wakubwa wa kiwanda waliichukulia makala ile kama usaliti. Ilikuwa imesema waziwazi kwamba nyumba ya matofali matupu ni hatari bila ukanda. Mkataba na chuo ukavunjwa, Seli ikafungwa, meza zetu zikapelekwa ghalani. Bahati alirudi chuoni, akapata udaktari, akaalikwa nchi za nje kueleza. Mimi nilihamishiwa depo ya Rutshuru, kuuza matofali na kuwafundisha mafundi namna ya kuyapanga. Wao walisema ni kupandishwa cheo.

Rutshuru haikuwa na lava kama Goma, ilikuwa na mashamba, mabasi madogo na pikipiki zilizobeba mikungu ya ndizi mikubwa kuliko dereva. Wateja wangu walikuwa wakulima. Mmoja wa kwanza alikuwa mwalimu mjane mwenye watoto, aliyekuja na uwezo wa kununua matofali machache tu, akaniuliza bila aibu, "Mama, hizi zitafika wapi?"

"Zitafika kiunoni," nikamwambia.

Akadhani namtania. Nikamchorea. Mbao alikuwa nazo, miti ilikuwa ya marehemu mume wake. Nilisimamia ukanda mimi mwenyewe, nikipinda vyuma vya kona pamoja na fundi. Jirani akaona, akataka. Kisha jirani wa jirani. Sikuandika popote kwamba hiyo ni nyumba ya aina gani. Kwa kiwanda nilikuwa nauza matofali, basi.

Siku moja Direkta wa Ufundi alikuja kukagua depo. Akaomba nimtembeze. Tukapita mbele ya nyumba zile, zimepangana kando ya barabara, zote zikiishia kiunoni. Alisimama. Akafuta miwani kwa muda mrefu kuliko siku yoyote.

"Sijaona kitu," akasema. Tulipofika kwenye gari akaongeza, "Kwenye kona, weka vyuma vingine viwili. Kona ndio inakufaka ya kwanza."

Alinisaidia kwa namna hiyo mpaka alipostaafu, na ni yeye aliyenirudisha Goma kuwa mkuu wa Huduma ya Michoro. Lakini ninayemkumbuka zaidi wa miaka ile ni Bahati, ambaye hakuwepo. Nilikuwa na nyumba zilizojaa watu, yeye alikuwa na karatasi zilizojaa maneno, na bado ni mimi niliyekuwa ninamwonea wivu. Wivu wa koti lake jipya. Wivu wa namna wapanda pikipiki walivyomwita "Profesa" bila kuambiwa. Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai, redio ikamleta, akieleza kwa ile sauti ya upole jinsi jengo linavyopaswa kuwa zito chini na jepesi juu. Nilizima. Mume wangu akawasha.

"Masika, redio haina kosa."

"Anasema maneno ya mama yangu!"

"Basi sikiliza kama anayasema vizuri."

Alikuwa anayasema vizuri. Alimtaja hata "mama mmoja wa Mapendo". Nilikasirika zaidi: mama yangu alifika redioni kabla yangu.

Kisha mlima ukafunguka. Mnajua siku zile, wengi wenu mlikuwepo, sitazisimulia. Lava ilipokwisha kusimama, ardhi iliendelea kutetemeka siku baada ya siku, na watu walilala nje. Nilipigiwa simu na mteja wa Majengo aliyenunua nyumba yetu ya katalogi, ile ya matofali mpaka juu, bila ukanda. Nilikwenda kwa miguu. Ukuta wote wa pembe tatu, ule wa chini ya paa, ulikuwa umelala juu ya kitanda cha watoto. Watoto walikuwa nje na bibi yao, wakichambua maharagwe. Baba yao hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Mama, mulijua?"

Niliangalia lile tofali zuri lililokomaa vizuri, nililolinywesha maji kwa maisha yangu yote. Nikamwambia, "Tulijua, Papa. Tulisema ndani. Tulipaswa kusema nje."

Jioni ile, nikiwa nimekaa na viatu vyangu vilivyojaa vumbi, kwa mara ya kwanza nilikubali kwamba Bahati aliposema nje alifanya vema. Hata hilo nililikubali kwa wivu. Alikuwa na mlango wa kutokea, akautumia. Mimi mlango wangu uliendea Rutshuru.

Taarifa kutoka huko zilifika haraka: zile za kiunoni zilikuwa zimesimama, na chache za mji zilizojengwa na mafundi waliosikia habari nazo zilisimama. Watu wakaanza kuja kiwandani, na hawakuomba tena katalogi. Walisema, "Tunataka nyumba ya Profesa." Direkta wa Biashara, aliyekuwa amezeeka lakini suruali bado inakata, aliniita.

"Mama Masika, tutauza ile yako ya nusu. Na mbao pia tutauza, nimepata mutu wa mbao. Nichoree bango kubwa la barabarani." Akanipa maneno yake kwa mkono wake. Yalisema: NYUMBA YA PROFESA.

"Direkta, ule mchoro, mkataba wenu ulinikataza kuutia jina."

"Iko vile. Lakini batu banataka Profesa. Nimeisha kuongea naye, amekubali, hataki hata kitu."

"Na mimi?"

Alinitazama bila ubaya wowote. "Weye uko na mushahara. Yeye iko na jina. Kila mutu na yake."

Nikachora bango. Nilichora vizuri, nikaweka kivuli cha paa, ukanda nikaupaka rangi iliyokoza ili fundi asiusahau. Mpaka nastaafu nilipita chini ya bango lile kila asubuhi. Wanaonifahamu walifikiri naliangalia kwa fahari.

Nilistaafu kwa sherehe ya kawaida: soda, hotuba ya Direkta wa Ufundi mpya, ambaye aliniita nguzo ya kiwanda, na picha ambayo nimefumba macho. Baada ya hapo niligundua kwamba wivu haustaafu. Kila mstaafu huulizwa kama anajutia. Mimi sijutii nyumba hata moja. Kama ningechagua tena, ningechagua zile za kando ya barabara ya Rutshuru kabla ya makala yoyote. Lakini ningeomba niulizwe "kwa nini?" mara moja moja. Kwenu mnaoingia sasa katika viwanda vyenye idara za utafiti, nasema hivi: mwenye mali atataka uuze na mwenye elimu atataka usubiri, na wote wawili watakuwa na sababu nzuri. Someni mkataba mkiwa bado na kalamu mkononi. Na mkiona ukuta utakaoanguka, semeni nje.

Mwaka huu Bahati alikuja nyumbani, Mapendo, kwenye ile ile parseli, kiwanja cha marehemu mama. Nywele zimekuwa nyeupe, bado anagusa kuta. Mume wangu alimkaribisha kisha akatuacha, kwa kuwa anatujua.

"Nakuoneaka wivu, Masika," akasema, akinyoosha miguu. "Nimesafiri, nimeongea. Hakuna hata mutu mumoja analala ndani ya kitu nilijenga kwa mikono yangu. Weye unapita njiani, unaona manguo ya batoto yanaanikwa kwenye kazi yako."

Nilifikiri: hata wivu anaweza kuusema vizuri kuliko mimi, akapendeza.

"Umestaafu," akaendelea. "Mkataba wako umekwisha. Tuandike kitabu. Ukuta wote, tangu mwanzo: jukwaa, Rutshuru, mpaka Majengo. Kitabu cha kufundishia. Batoto ba chuo banaijua nusu yangu tu."

"Jina la nani linatangulia?"

Hakutegemea swali hilo. Mkono wake uliokuwa ukipapasa mbao ulisimama. Aliangalia chai, akaangalia mlango, akaangalia tena chai, na midomo yake ikakaza kidogo pembeni. Lilikuwa jambo la pumzi mbili tatu, lakini mimi ninaujua ule uso. Nimeuona kwenye kioo changu maisha yote. Hakuwa ananidanganya kuhusu wivu, basi. Na yeye alikuwa na nyuki wake.

"Lako," akasema hatimaye, na sauti ilimtoka kama mutu anayeshusha gunia. "Masika na Bahati."

Sikumshukuru. Nilimwongezea chai, nikavuta kiti karibu na meza, nikamwambia aanze kunieleza upya zile hesabu zake, taratibu, maana safari hii nilitaka kujua kwa nini.